Livingstone si jiwe: jina moja la Uskoti na hesabu zake

Mwalimu mmoja wa Njombe ninayemfahamu aliandika jina lake la mwisho kwenye tovuti ya nasaba. Baba yake alibatizwa Livingstone, kwa hiyo katika vyeti vyote yeye ni fulani Livingstone. Tovuti ikamjibu bila kusita: asili yako ni Uskoti, ukoo wako una nembo, una hata kitambaa chake cha miraba, na kikombe chenye nembo hiyo kinauzwa. Akanitumia picha ya skrini na swali moja: "Kaka, ina maana hawa wananihesabu na mimi?"

Ndiyo, wanamhesabu. Na akishahesabiwa anaingia kwenye ile takwimu ya "watu wangapi duniani wana jina hili", ambayo wengi huinukuu kana kwamba ni idadi ya wanaukoo. Takwimu za majina hazihesabu damu, zinahesabu herufi. Sijui jina jingine la Uskoti linaloonyesha jambo hilo vizuri kama Livingstone, kwa sababu hata kabla halijavuka bahari lilikuwa tayari la watu wasiohusiana.

Kwa Leving

Tuanze na neno lenyewe. Anayejua Kiingereza kidogo hulivunja vipande viwili: living, kilicho hai, stone, jiwe. Jiwe hai. Kwa Mkristo tafsiri hii inanoga zaidi, maana Waraka wa Kwanza wa Petro, sura ya 2, unawaita waumini mawe yaliyo hai. Nimemsikia mhubiri akilijengea jina hili mahubiri mazima, na yalikuwa mahubiri mazuri. Ila ndani ya jina hamna jiwe.

Magharibi mwa Edinburgh, katika eneo la West Lothian, upo mji uitwao Livingston. Katika karne ya 12, enzi za Mfalme David wa Kwanza aliyetawala kuanzia 1124 hadi 1153, ardhi ya pale ilikuwa ya mtu aliyeitwa Leving. Mwanawe Turstan ametajwa miongoni mwa mashahidi katika hati ya abasia ya Holyrood. Leving ni jina la Kiingereza cha kale, Leofing, na mzizi wake ni neno lililomaanisha mpendwa. Angezaliwa pwani yetu pengine angeitwa Habibu. Silabi ya mwisho ni tun, yaani makazi yaliyozungushiwa uzio, neno lilelile lililokuja kuwa town. Kwa hiyo Livingston ni "kwa Leving", kama tunavyosema Kwa Mtoro au Kwa Azizi Ali. Mwenye mji alishakufa na kusahaulika, jina lake likabaki kwenye ramani.

Waliokaa pale, au walioimiliki ardhi ile, wakaitwa "wa Livingston", na baadaye lile "wa" likadondoka. Wengine katika ukoo huu walipanda sana. Sir Alexander Livingston wa Callendar, karibu na Falkirk, alikuwa mlinzi wa ngome ya Stirling, na mwaka 1439 alimkamata na kumfungia humo mama wa mfalme, Joan Beaufort, wakati mfalme mwenyewe alikuwa bado mtoto. Karne moja baadaye, mwaka 1548, Mary Livingston alikuwa mmoja wa wasichana wanne, wote wakiitwa Mary, waliosafiri kwenda Ufaransa pamoja na Malkia Mary wa Uskoti aliyekuwa na miaka mitano. Mwaka 1600 kiongozi wa ukoo akapewa cheo cha Earl wa Linlithgow. Kisha yakaja maasi ya 1715 ya kutaka kurudisha nasaba ya Stuart kwenye kiti cha enzi. Earl wa wakati huo akajiunga na upande ulioshindwa, akapoteza vyeo na mashamba.

Huo ndio ukoo ambao tovuti ilimkabidhi rafiki yangu wa Njombe, nembo na kila kitu. Sasa twende upande wa pili wa nchi, ambako kuna Livingstone wengine ambao hawakutoka kwa Leving hata kidogo.

Wana wa tabibu

Lismore ni kisiwa kirefu chembamba karibu na mji wa Oban, pwani ya magharibi. Lugha ya huko kwa karne nyingi ilikuwa Kigaeli. Watu wa nyanda za juu na visiwani hawakuwa na haja kubwa ya jina la ukoo lililoganda. Walitajana kama tulivyozoea sisi: fulani mwana wa fulani mwana wa fulani, na neno la "mwana wa" ni mac. Jina la ukoo lilihitajiwa na karani wa kodi ya ardhi, na kasisi mwenye rejista, na jeshi. Na karani huyo mara nyingi aliandika Kiingereza.

Kisiwani Lismore na katika nchi jirani ya Appin kulikuwa na ukoo ulioitwa MacLea. Wapo wanaosema jina hilo ni Mac an Lèigh, mwana wa tabibu. Wengine wanashikilia kwamba ni ufupisho wa Mac Dhuinnshléibhe, mwana wa Donnshliabh, jina la mtu lililoungwa kwa maneno mawili, kahawia na mlima. Wataalamu wengi wa majina wanaelekea kwenye hili la pili. Mimi moyo wangu uko kwenye la kwanza, kwa sababu tutakayoifikia, ingawa najua kupendeza kwa hadithi si ushahidi.

Wana wa MacLea ni walinzi wa fimbo. Ni fimbo ya mti, haifiki mita moja, inayosemekana ilikuwa ya Mtakatifu Moluag, mmishonari kutoka Ireland aliyefariki mwaka 592. Kiongozi wa ukoo anaishi mahali paitwapo Bachuil, na ipo hati ya 1544 inayomthibitishia ardhi yake kwa sababu ya kuitunza fimbo hiyo. Bachuil ni neno la Kigaeli la fimbo ya askofu, bachall, kutoka Kilatini baculum. Msomaji wa Kiswahili atashtuka hapa, maana na sisi tunayo bakora. Asiwafanye ndugu: bakora yetu ilitujia kwa njia ya Kiarabu. Maneno mawili yamefanana sura na yanataja kitu kilekile, lakini baba zao mbalimbali. Na ndivyo ilivyo kwa hawa Livingstone wawili.

Ilikuwaje MacLea akawa Livingstone? Katika karne ya 17 familia hizi zilianza kuandikwa kwa jina la nyanda za chini, yaani la wale wa upande wa Edinburgh. Simulizi ya huko inasema kwamba bwana mmoja James Livingstone wa Skirling alikodishiwa mapato ya uaskofu wa Argyll katika miaka ya 1640, na watu waliokaa kwenye ardhi hizo wakalichukua jina lake. Iwe alikuwa yeye au karani tu aliyeona MacLea ni shida kuandika, jambo lenyewe lilikuwa la kawaida. Mac a' Ghobhainn, mwana wa mhunzi, alitafsiriwa akawa Smith. Wana wa MacGregor walipigwa marufuku kisheria kutumia jina lao mwaka 1603, wakajificha ndani ya Murray, Grant na Campbell, na marufuku hiyo haikufutwa kabisa hadi 1774. Kwa hiyo hesabu ya kina Smith wa Uskoti ina wahunzi wa Kigaeli ndani yake, na hesabu ya kina Murray ina MacGregor. Leo kiongozi wa MacLea anaitwa Livingstone wa Bachuil. Mwaka 2003 ofisi ya Lord Lyon, inayosimamia nembo na vyeo vya koo za Uskoti, ilimtambua rasmi kuwa mkuu wa ukoo.

Herufi moja ya mwisho

David Livingstone, yule mmishonari aliyesafiri Afrika, anatoka upande huu wa pili. Babu yake, Neil, alikuwa mkulima mdogo katika kisiwa cha Ulva, jirani na Mull. Kisiwa hicho kilikuwa na mamia ya watu. Wengi wao walifukuzwa na mwenye ardhi katikati ya karne ya 19, na sensa ya 2011 ilikuta watu 11. Babu huyu hakusubiri kufukuzwa. Mwaka 1792 alihamia Blantyre, karibu na Glasgow, kwenye kiwanda cha pamba. Humo kiwandani David, aliyezaliwa 1813, alianza kazi akiwa na miaka kumi.

Katika kitabu chake cha kwanza, kilichotoka 1857, David anaandika kwamba baba wa babu yake aliuawa Culloden, vita ya 1746 iliyovunja nguvu za koo za nyanda za juu, na kwamba babu aliweza kueleza maisha ya wahenga wake kwa vizazi sita. Vizazi sita, kichwani, bila karatasi. Mzee yeyote wa Kihaya au wa Kiganda angeketi na babu huyo wakaelewana kuhusu mambo muhimu.

Na jina? Baba yake aliandika Livingston, bila e, na David mwenyewe alitia saini hivyo kwa miaka mingi. Ni katika miaka ya 1850, alipokwisha kuwa maarufu, ndipo e ilipowekwa tena. Kwenye rejista za zamani jina lina sura nyingi zaidi, mojawapo Levingstoun, kwa kuwa karani aliandika alivyosikia. Uskoti ilianza usajili wa lazima wa vizazi, ndoa na vifo tarehe 1 Januari 1855, na kuanzia hapo tahajia zilianza kutulia. Mtu mmoja, basi, ameishi chini ya tahajia mbili, na kompyuta ingemhesabu mara ya kwanza katika mstari mmoja, mara ya pili katika mwingine.

Sasa ile sababu yangu ya kuipenda hadithi ya tabibu. Mwaka 1840 kijana huyo wa Blantyre alipata leseni ya udaktari Glasgow. Kama Mac an Lèigh ndiyo asili, basi mwana wa tabibu alikuwa tabibu, na watu wetu waliomwita Daktari walikuwa wanalitamka jina la ukoo wake bila kujua. Nimeshakiri kwamba si ushahidi.

Wengine waliokwenda Marekani

Wakati MacLea wanabadilika kuwa Livingstone, Livingston wa nyanda za chini walikuwa wanavuka Atlantiki. Robert Livingston, mzaliwa wa Ancrum katika mpaka wa Uskoti na Uingereza, alifika New York katika karne ya 17 na kujipatia shamba kubwa mno kando ya mto Hudson. Uzao wake ulitapakaa katika siasa. Philip Livingston alitia saini Azimio la Uhuru la 1776, William alikuwa gavana wa New Jersey, na Robert R. Livingston ndiye aliyemwapisha George Washington mwaka 1789, kisha akashiriki kununua Louisiana kutoka Ufaransa mwaka 1803.

Utajiri wao ulikuwa pia wa biashara ya watumwa. Hapo takwimu inapata mkondo mwingine kabisa: walioachwa huru katika Marekani mara nyingi walibaki na jina la familia iliyowamiliki, au walijichagulia. Wapo Wamarekani weusi wanaoitwa Livingston ambao hawana tone la damu ya Leving wala ya MacLea. Jina la Campbell linafuata njia hiyohiyo Jamaica, kisiwa ambacho Waskoti walikuwa na mashamba ya miwa, na ambako leo Campbell ni jina la kila mtaa.

Kuna na waliojipa jina wenyewe. Mtunzi wa nyimbo Jay Livingston alizaliwa Jacob Levison katika familia ya Kiyahudi. Mchekeshaji wa redio Mary Livingstone alizaliwa Sadie Marks. Yule Mary wa 1548 na huyu wa redio wamekutana kwenye jina tu.

Nambari zinavyopatikana

Ukitaka idadi ya watu kwa jina la ukoo, kuna njia kama tatu, na zote zinakupa kitu tofauti.

Marekani hutumia sensa. Orodha yao ya 2010 inataja kila jina lililokuwa na watu 100 au zaidi, na majina hayo ni 162,253. La kwanza ni Smith, watu 2,442,977, kama mtu mmoja katika kila 126. Campbell ni la 47, watu 386,157. Livingston na Livingstone hayamo katika mia ya kwanza, na kila moja lina mstari wake kwa sababu ya e. McDonald na MacDonald nayo yametenganishwa hivyohivyo. Anayetaka jumla ya ukoo inabidi aamue mwenyewe aunganishe mistari ipi, na akishaamua, takwimu imeshakuwa maoni yake.

Uskoti hufanya vingine. Orodha ya majina yanayoongoza hutolewa kutoka rejista za vizazi na vifo, si sensa. Smith anaongoza huko pia. Lakini rejista ya vizazi na vifo inaona waliozaliwa na waliokufa. Anayehamia Aberdeen akiwa na miaka 30 kutoka Gdansk au Lagos haonekani mpaka apate mtoto au afe. Nchi nzima ina watu takribani milioni 5.4 kwa sensa ya 2022, kwa hiyo jina la wastani kama Livingstone linaweza kuyumba nafasi kadhaa kwenye orodha bila chochote cha maana kutokea.

Njia ya tatu ni ya tovuti za biashara. Hizi hukusanya madaftari ya wapiga kura, orodha za simu na chochote kilicho wazi, kisha hukadiria kwa dunia nzima. Hapa ndipo mwalimu wa Njombe alipoingia. Mashine huchukua neno la mwisho katika jina na kuliita jina la ukoo. Kwetu neno la mwisho linaweza kuwa la ukoo, la babu, au la baba tu. Tuseme mtu anaitwa Livingstone Mwakyusa. Mashine inamweka kwa kina Mwakyusa, sawa. Mwanawe anaandikishwa shule kama Neema Livingstone: mashine imepata Mskoti mpya. Neema akipata watoto, watachukua jina la baba yao, na Mskoti ametoweka. Jina limeingia Tanzania na kutoka ndani ya vizazi viwili bila mtu hata mmoja kupanda meli. Hesabu ya dunia inayojumlisha Neema na wazee wa Lismore kwenye safu moja ina tarakimu nyingi sana baada ya mkato kuliko inavyostahili.

Namna jina lilivyogeuka la kwanza

Ugeuzaji huu wa jina la ukoo kuwa jina la ubatizo ni tabia ya kwetu ninayoipenda. Mzungu akishaheshimika, jina lake lote ni halali, hatuulizi lipi la ukoo. Uganda na Kenya zina kina Livingstone wengi wa jina la kwanza, na kina Wilson, na kina Nelson.

Mfano wa kupendeza ni Aggrey. James Kwegyir Aggrey alikuwa msomi wa Gold Coast, Ghana ya leo, aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1924 pamoja na tume ya elimu ya Phelps-Stokes. Aggrey lilikuwa jina lake la ukoo. Baada ya hapo wavulana wakaanza kubatizwa Aggrey, na Dar es Salaam wakaupa mtaa wa Kariakoo jina hilo. Na chuo alichosoma Aggrey huko Salisbury, North Carolina, kinaitwa Livingstone College, chuo cha kanisa la Wamarekani weusi kilichopewa jina la yuleyule daktari wa Blantyre. Mwenye kufuatilia jina hapa amerudi alipotoka kwa njia nyingine kabisa.

Ramani nayo imejaa. Mji wa Livingstone uko Zambia karibu na maporomoko ya Mosi-oa-Tunya. Malawi ina Livingstonia, na ina Blantyre, mji mkubwa uliopewa jina la kijiji cha kiwanda cha pamba. Kwetu kuna Milima ya Livingstone, inayosimama kama ukuta juu ya Ziwa Nyasa. Wakisi wa ufukweni, wafinyanzi wa vyungu, wanaitazama kila asubuhi. Jina la mtu aliyeitwa Mpendwa, kijijini West Lothian, kupitia kwa karani aliyewaandika MacLea vibaya, limefika kwenye mlima wa Njombe.

Nilimweleza yote haya yule mwalimu kwa ujumbe wa sauti wa dakika kumi na mbili, akajibu kwa maneno mawili: "Asante, mzee." Kikombe alikuwa ameshaagiza.

Lakini liko jambo nililosahau kumwambia. David Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, watu wake waliukausha mwili na kuubeba kwa miguu hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874, na mnara wa kanisa la misheni uliolaza mwili huo usiku mmoja bado upo. Kati ya waliobeba walikuwemo Chuma, Jacob Wainwright na Abdullah Susi. Wainwright, mtu wa Kiyao aliyeokolewa utumwani na kusomeshwa India, alikuwa amepewa jina la Kiingereza linalomaanisha fundi wa mikokoteni, na orodha yoyote ya majina ingempeleka Uingereza. Susi alikaa Zanzibar, na mwaka 1886, akibatizwa, alikuwa na nafasi ya kuchagua jina lolote la bwana aliyemtumikia. Alichukua David.